Macho ya Mtakatifu Petka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zornitsa alimkamua mbuzi wao huku akimtembeza kanisani kwa maneno.

"Karibuni, wageni wetu," alimwambia mbuzi, maziwa yakilia ndooni. "Inameni kidogo mnapoingia. Mlango huu ulijengwa mfupi makusudi, ili hata mfalme akija ainamishe kichwa."

Mbuzi, ambaye hakuwahi kumwinamia mtu tangu azaliwe, aliendelea kutafuna jani la kabichi akitazama kwingine. Zornitsa hakujali. Alisema kwamba mgeni mgumu ndiye mwalimu wa mwongozaji, na kama mbuzi angeweza siku moja kuinua masikio kwa kusikia habari za michoro, basi watalii wa kutoka Sofia wangelia machozi.

Kijiji chao, Yasenovo, kimening'inia ubavuni mwa mlima katika nchi ya Bulgaria. Kimeinama hivi kwamba boga likimponyoka mtu wa juu, watu wa chini kwenye kituo cha basi hutayarisha sufuria. Jogoo wa juu huwika alfajiri, na yule wa chini humjibu wakati watu wanakula chakula cha mchana. Ndivyo wazee wa huko watakavyokuambia, na hawatapepesa jicho wakikuambia.

Watu wa Yasenovo hawakuwa na mengi ya kujivunia. Viazi vyao vilikuwa vidogo na timu yao ya mpira ilifungwa mpaka na kijiji kisicho na uwanja. Lakini walikuwa na kanisa. Lilikuwa dogo kama ghala la nyasi, limejengwa kwa mawe, na ndani yake kila ukuta ulijaa michoro ya watakatifu tangu sakafuni hadi darini. Serikali ilikuwa imelifanya makumbusho. Watu walitoka hata Japani, wakapanda ule mlima wakihema, wakaingia wakiwa wamechoka na kutoka wakiwa kimya. Mtu wa Yasenovo akiwa ugenini hata miaka arobaini, ukimuuliza kwao ni wapi, hakutajii wilaya wala mji wa karibu. Hukuambia, "Kwetu ni pale penye Mtakatifu Petka."

Kila mwaka, siku ya sikukuu ya mtakatifu huyo, mwezi wa kumi, mwanafunzi mmoja huchaguliwa kuwatembeza wageni kanisani mbele ya kijiji kizima. Huvaa mshipi mwekundu wa sufu uliofumwa na akina mama wa kijiji, nao watu humwita Mwongozaji wa Petka mpaka sikukuu ijayo. Anayechagua ni Bi Rumyana, mwalimu wa historia, ambaye pia hutunza funguo za makumbusho. Mwaka ule alimchagua Zornitsa, msichana wa miaka kumi na miwili, akamwacha Plamen, mtoto wa mwenye duka, aliyekuwa amejisifu darasani kwamba mshipi tayari unamngoja.

Zornitsa alichaguliwa kwa sababu moja. Hakuna aliyeweza kusimulia habari za macho kama yeye.

Kwenye ukuta wa kaskazini, Mtakatifu Petka amesimama amevaa joho la rangi ya divai, msalaba mkononi. Uso wake ni mtulivu na mzuri. Lakini mahali pa macho pana mashimo mawili meupe ya chokaa. Zornitsa akifika hapo huteremsha sauti. Huwaambia wageni kwamba zamani, Waturuki walipotawala nchi hii, askari wao waliingia kanisani kwa mikuki, wakayang'oa macho ya mtakatifu ili watu wa Yasenovo wasione njia. Kisha hunyamaza kidogo, halafu humalizia: "Walidhani wametupofusha. Lakini tangu siku ile, ndugu zangu, Petka anatuona kwa moyo."

Siku ya majaribio, meya alitoa kitambaa akajifuta. Dereva mmoja wa lori aliyepita tu kuuliza njia alilia mpaka akasahau alikuwa anakwenda wapi. Hata Plamen alikaa kimya, jambo ambalo mama yake mzazi hakuwahi kuliona.

Mwaka ule kulikuwa na wageni wa pekee. Shule moja ya mji wa Edirne, ng'ambo ya mpaka, Uturuki, ilikuwa inaleta wanafunzi wake kuitembelea shule ya Yasenovo, na Bi Rumyana alikuwa amewaalika siku ya sikukuu. Darasani watoto waliposikia hivyo walikonyezana. Zornitsa hakukonyeza mtu. Kwake ile ilikuwa hadithi tu, hadithi nzuri iliyopendwa na watu, na mgeni ni mgeni. Alichokiwaza ni mshipi.

*

Zornitsa aliishi na Bibi Stamena, mama wa baba yake. Wazazi wake walikuwa Hispania wakichuma matunda mashambani, na walipiga simu kila Jumapili. Bibi alikuwa mwanamke mwenye ulimi mkali na mikono laini, na kwa miezi kadhaa sasa alikuwa na siri ambayo mjukuu wake alikuwa ameshaijua. Alikuwa haoni vizuri. Alitia chumvi kwenye chai. Siku moja aligombana na koti lililotundikwa mlangoni, akidhani ni jirani yao aliyekuja kuazima nyundo kwa mara nyingine, na koti lilipokosa kumjibu alizidi kukasirika.

Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho. Ukimtazama karibu uliona wingu jeupe kwenye mboni. Zornitsa alimwambia mara nyingi kwamba mjini Plovdiv kuna hospitali ya macho, mtu huingia asubuhi na kutoka jioni. Bibi alimjibu kwamba anamfahamu mwanamke aliyeingia pale na macho mawili akatoka na moja, na lile moja lilikuwa la mtu mwingine. Tena alimkataza kabisa kumgusia baba yake jambo hilo kwenye simu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Bibi Stamena hakuwa mtu wa kutishwa na wahenga; wengine alisoma nao.

Siku mbili kabla ya sikukuu alimwita mjukuu wake jikoni, akafunga mlango.

"Si unaingia kanisani peke yako kufanya mazoezi?" aliuliza.

"Ndiyo, Bibi. Bi Rumyana hunifungulia."

Bibi akampa kijiko kidogo cha kahawa na kisanduku cha kiberiti kilicho tupu. Akamweleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayefundisha upishi. Aende kwa Mtakatifu Petka, apande kwenye kile kiti cha mbao cha ukutani, akwangue kidogo tu pale machoni, pindoni mwa jicho, unga wa kutosha ncha ya kijiko. Unga ule ukichanganywa na maji ya chemchemi na kupakwa kwenye jicho, ugonjwa huondoka. Yeye mwenyewe alipakwa na mama yake alipokuwa mdogo, na mama yake alipakwa na mama yake.

"Lakini Bibi," Zornitsa akasema, "macho yale si yaling'olewa na askari?"

"Askari, ndiyo, askari," Bibi alijibu, akipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Wewe niletee kidogo tu, mwanangu. Nataka nikuone kesho kutwa ukiwa na mshipi wako. Si nikusikie tu, nikuone."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyompeleka Zornitsa kanisani.

Bi Rumyana alikuwa nje akipanga tiketi. Ndani kulinukia ubani na nta. Zornitsa alipanda kwenye kiti, akajikuta uso kwa uso na Mtakatifu Petka, karibu kuliko alivyowahi kuwa. Aliomba msamaha kwa sauti ya chini, akakaza kijiko ukingoni mwa shimo la kushoto, akakwangua.

Kilimeguka kipande kidogo, si cheupe kama alivyotarajia. Kilikuwa na rangi ya kahawia upande mmoja, ukingo mwembamba wa kope ambao mchoraji aliuchora kwa unywele mmoja wa brashi. Kilimwangukia kiganjani. Kulikuwa na kope pale kwa karne nyingi, na sasa haipo.

Mkono wake ukaganda. Na kwa kuwa mkono ulikuwa umeganda, kijiko kilibaki ndani ya lile shimo, na ndipo alipoona. Kijiko kilikuwa kimekaa pale sawasawa, kama yai kwenye kiota. Hakukuwa na mkwaruzo mrefu wa mkuki hata mmoja. Shimo zima lilikuwa vishimo vidogo vya mviringo, kimoja kando ya kingine, kama bakuli la mtindi lililochotwa na watoto wengi. Hata kile kiti cha mbao, alikumbuka, kilikuwa kimelika katikati kwa nyayo, na hakuna mtu aliyekaa pale kamwe.

Akageuka kutazama kuta. Karibu na Petka alisimama mtakatifu mwingine, askari mwenye upanga na ngao. Kama mtu angeingia na mkuki na hasira, si angeanza na yule? Macho yake yalikuwa mazima, meusi, yanang'aa. Wote walikuwa wazima. Ni Petka peke yake, mponya macho, aliyekosa macho.

Zornitsa alikifunga kile kipande kwenye leso yake, akashuka. Bi Rumyana alimuuliza kama mazoezi yamekwenda vizuri. Alitikisa kichwa kulia na kushoto, yaani ndiyo, kama watu wa kwao wafanyavyo, akapita haraka.

Nyumbani alimwambia Bibi kwamba hakuleta kitu na hataleta. Alijaribu kueleza habari za vishimo, lakini Bibi alikuwa ameshageuzia uso ukutani.

"Kwa hiyo mimi nipofuke," alisema, "ili ukuta uheshimike."

Zornitsa akaenda kulala na ile leso chini ya mto.

*

Siku ya sikukuu uwanja wa kanisa ulijaa. Kondoo wa sadaka walichemka kwenye masufuria makubwa ambayo, ukiwasikiliza wapishi, ndani yake mtu angeweza kuogelea na mkewe asimwone. Mpiga zumari lenye mfuko wa ngozi alianza mapema na hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Akina mama walimvika Zornitsa mshipi mwekundu, wakamgeuza huku na huku, wakatema mate kidogo pembeni ili kijicho kisimpate.

Bibi Stamena alikuja pia, ameshikwa mkono na jirani yule wa nyundo. Alikaa karibu na mlango. Hakumwita mjukuu wake.

Wageni wa Edirne walishuka kwenye basi wakiwa wamevaa sare, na kila mmoja amebeba boksi la peremende za kwao. Kati yao alikuwamo msichana mmoja, Sabiha, aliyeongea Kibulgaria kama mtu aliyezaliwa bonde la pili. Bibi yake kweli alizaliwa bonde la pili, kabla ya jamaa zake kuhamia Uturuki, na ndiye aliyemfundisha. Kwa hiyo Sabiha akawa mkalimani wa wenzake wote, na alionekana kuifurahia sana kazi hiyo, mpaka Plamen alipomsogelea getini.

"Ngoja tu," Plamen alimwambia akicheka. "Leo utatafsiri waliyofanya babu zako. Usije ukameza ulimi."

Zornitsa alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale. Aliliona tabasamu la Sabiha likizimika. Kilichokuwa kinamngoja yule msichana mle ndani ni hadithi yake mwenyewe, Zornitsa, na ndiyo iliyompa mshipi.

Ziara ikaanza. Aliwainamisha mlangoni. Aliwaonyesha ukuta wa mbao mbele ya madhabahu, ambako fundi wa kuchonga alimchonga joka mwenye pua ndefu, na kijiji kinashikilia kwamba pua ile ni ya mama mkwe wake. Watu walicheka. Sabiha alitafsiri, wenzake wakacheka pia. Zornitsa alisikia sauti yake ikipaa vizuri chini ya kuba, akajua kwamba anafanya kazi nzuri kuliko mwongozaji yeyote kabla yake. Kila hatua ilimsogeza kwenye ukuta wa kaskazini.

Walipofika pale, watu wa Yasenovo walijiweka sawa kama watu wanaongoja wimbo wanaoupenda. Meya alishatoa kitambaa. Sabiha alirudi nyuma taratibu, akasimama kando ya nguzo ambako nusu ya uso wake haikuonekana.

Zornitsa akateremsha sauti kwa mazoea. "Huyu ndiye Mtakatifu Petka. Mnaona kwamba hana macho."

Akanyamaza. Watu walidhani ni ule unyamavu wake wa siku zote. Lakini uliendelea. Zumari la nje likasikika, kisha kikohozi cha mtu. Plamen akaanza kumnong'onezea: "Askari waliingia. Askari waliingia na mikuki."

"Siku zote nimewaambia kwamba macho haya yaling'olewa na askari wa Kituruki," Zornitsa akasema. "Vita vilikuwapo, na makanisa yalichomwa kweli, hilo lipo vitabuni. Lakini macho haya hayakung'olewa na mkuki. Yamechotwa kwa vijiko. Tumeyachota sisi, watu wa Yasenovo, tukayafanya dawa."

Sabiha hakutafsiri. Alikuwa amesahau kwamba ni kazi yake.

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi. Mzee mmoja alisema kwa sauti kwamba huyu mtoto ametiwa maneno. Meya alikunja kitambaa chake akakirudisha mfukoni. Bi Rumyana, ambaye ndiye aliyemfundisha hadithi ile neno kwa neno, alisogea mbele, uso wake haujulikani una nini.

"Nani amekuambia hayo, Zornitsa?"

"Kijiko, mwalimu."

Akafungua leso. Akamwonyesha kile kipande cha kope, akamweleza mbele ya wote kwamba juzi alipanda kwenye kile kiti na kukwangua, na kwamba yeye ndiye wa mwisho kumwibia mtakatifu. Hakusema alitumwa na nani. Alianza kuufungua mshipi mwekundu, lakini fundo lilikuwa limekazwa na akina mama sita, likagoma.

Bi Rumyana alikipokea kile kipande kwa vidole viwili. Alipanda kwenye kiti yeye mwenyewe, na viatu vyake vya sikukuu, akawasha taa ya simu, akayatazama yale mashimo kwa muda mrefu. Alimtazama pia mtakatifu mwenye upanga. Watu wote walimtazama yeye, maana kama kuna mtu ambaye Yasenovo walimwamini katika mambo ya zamani, alikuwa ni huyo.

"Ni vijiko," alisema.

Hapo ndipo Bibi Stamena aliposimama karibu na mlango, akamshika jirani asianguke. "Mtoto nilimtuma mimi," alisema. "Kama kuna mtu wa kuvuliwa mshipi, nivueni mimi. Mimi nimepakwa dawa ile utotoni, na kijiko ni changu."

Kisha bibi mwingine, mwenye kitambaa cheusi, akasema kwamba hata yeye alipakwa. Bibi wa tatu akasema yeye alipakwa macho yote mawili na kilichobaki akanyweshwa kwa ajili ya tumbo. Wa nne akasema hiyo si kitu, wao nyumbani walikuwa nayo kwenye kopo. Wakaanza kubishana ni nyumba ya nani iliyotumia zaidi, kila mmoja akitetea heshima ya mama yake, mpaka hesabu zao zikafika unga wa kujenga kanisa la pili. Meya alikuwa wa kwanza kucheka. Halafu alimkumbuka marehemu bibi yake na kikopo fulani juu ya kabati, akaacha kucheka ghafla.

Katika vurugu hiyo Sabiha alitoka nyuma ya nguzo. Alikuja mpaka mbele ya Zornitsa, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kikopo kidogo cha bati, cha marashi yaliyokwisha.

"Bibi yangu alinipa," alisema kwa Kibulgaria chake cha bonde la pili. "Aliniambia nikifika kwa Petka, nikiona hakuna anayenitazama, nimletee kidogo. Naye macho yanamsumbua." Akakifungua kuonyesha kwamba ni kitupu. "Nilikuwa naogopa hata kuingia nacho."

Zornitsa alikitazama kile kikopo. Ndipo kicheko kikamtoka, cha kwanza tangu juzi, na Sabiha naye akashindwa kujizuia, wakacheka wakiwa wameshikana mabega, mbele ya mtakatifu, wajukuu wa vibibi viwili wezi wa chokaa.

"Sasa watafsirie wenzako, shoga," Zornitsa akasema akijifuta machozi. "Waambie yote. Hata la kikopo, kama huoni haya."

Sabiha akatafsiri yote, hata la kikopo. Na ziara ikaendelea hadi mwisho, kwa maana bado kulikuwa na kengele ya kuonyesha.

*

Jioni, wageni waliposhiba nyama na kuondoka, Bi Rumyana alimkuta Zornitsa akisaidia kusugua masufuria. Alimwambia kwamba kwa kugusa mchoro ataadhibiwa: atafagia kanisa na kukwangua nta sakafuni mpaka Krismasi, na kwa kazi hiyo ya kukwangua, alisema, inaonekana ana kipaji. Kile kipande cha kope kingeenda kwa mafundi wa michoro ili kirudishwe mahali pake.

Zornitsa akauliza kuhusu mshipi.

"Mshipi unao," Bi Rumyana akasema. "Kesho tutakaa chini tuandike upya maneno ya ukuta wa kaskazini. Sikiliza, mwanangu. Nilikufundisha kujivunia kanisa hili, na sijutii. Lakini kwenu kukiwa kuzuri, hakuhitaji jirani awe mbaya ili kuonekane. Leo umesema ukweli uliokuwa unatuaibisha, na mimi sijawahi kuona fahari namna hii tangu nianze kufundisha. Mtu anayependa kwao kweli huwasema watu wake walipokosea, huku akisimama pamoja nao."

Jumapili baba alipopiga simu kutoka Hispania, Zornitsa alitaka kumpa Bibi simu kama kawaida. Bibi aliichukua mapema kuliko kawaida. Alimwambia mwanawe kwa mdomo wake kwamba haoni, kwamba ukuta umekataa kumtibu, na kwamba amtafutie nafasi Plovdiv kabla hajabadili mawazo.

Majira ya kuchipua yalipofika, basi la kwanza la watalii lilipanda mlima. Mbele ya kundi alisimama msichana mwenye mshipi mwekundu, na kati ya wageni, ingawa hakuwa na tiketi, alisimama Bibi Stamena akiwa na macho mawili, yote yake mwenyewe. Mjukuu wake aliposimulia habari za vijiko, wageni waliduwaa, kisha wakamwangalia Petka kwa muda mrefu kuliko walivyowahi kumwangalia watu waliosikia habari za mikuki.

Bibi naye alimwangalia. Alikuwa hajamwona sawasawa kwa miaka. Aliona joho la rangi ya divai, ule uso mtulivu, na mashimo mawili ya vijiko, na kwenye shimo la kushoto uzi mwembamba wa kope, umerudi.

"Tulikupenda mpaka tukakula," alimwambia mtakatifu kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwomba jirani radhi juu ya ua. Halafu akamgeukia mgeni aliyekuwa karibu naye, akanyoosha kidole kuelekea mshipi mwekundu. "Yule pale ni wangu," akasema. "Namwona kutoka hapa."